Likizo ya Lamu kwa Familia ya Mwanajeshi Inayosomesha Watoto Nyumbani

Mara ya kwanza tulipokwenda Lamu tulibeba sanduku zima la vitabu, na mume wangu akabeba ratiba. Aliiandika mwenyewe, ukurasa mmoja, kuanzia kuamka saa kumi na moja na nusu alfajiri hadi kulala saa tatu usiku, utadhani tunahamia kambi nyingine. Siku ya pili dau letu likakwama kwenye matope ya mikoko tukirudi kutoka Takwa, magofu ya kisiwa cha Manda. Maji yalikuwa yametoka. Tulikaa hapo zaidi ya saa nne, mbu wakitutafuna, mtoto mdogo akilia, na ratiba iko mfukoni mwa Baba Amani. Nahodha alikuwa ametuambia mapema tuondoke. Sisi ndio tuliong'ang'ania kumaliza somo.

Tumerudi mara mbili tangu hapo. Ninayoyaandika hapa ni ya mwenzangu anayeishi kota za jeshi na kusomesha watoto nyumbani, labda kwa sababu kama zangu: uhamisho kila baada ya miaka michache, mtoto kung'olewa shuleni katikati ya muhula, na baba anayeweza kuondoka miezi kadhaa akarudi akakuta meno ya mbele yameshaota.

Hatua ya 1: Tarehe ziandike kwa penseli

Likizo ya mwanajeshi hutiwa saini Jumatatu na yaweza kufutwa Alhamisi. Basi usilipie kitu ambacho hakirudishiki. Tafuta nyumba ambayo mwenyewe anakubali kusogeza tarehe, mpe arubuni ndogo, na mwambie ukweli: "Mume wangu kazi yake ni ya kuitwa." Watu wa Lamu wana mabaharia katika koo zao, na jambo hilo halihitaji maelezo marefu. Tiketi ya ndege nayo, kabla ya kulipa, uliza inabadilishwa kwa kiasi gani.

Sisi tuna neema moja ambayo wazazi wengine hawana: hatufungwi na kalenda ya shule. Agosti na Desemba kisiwa hujaa na bei hupanda. Nenda Februari, watoto wa wenzio wakiwa darasani. Ni wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, bahari imetulia na maji ni maangavu, ingawa joto la mchana halina mzaha. Oktoba pia ni mzuri, kusi, ule upepo wa kutoka kusini, likiwa limeanza kuchoka. Mei usiende. Ni masika, na kusi huvuma kwa nguvu.

Angalia pia kalenda ya Kiislamu. Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi haifunguliwi mchana, na kwa mwenye watoto wadogo hilo litakusumbua. Mfungo Sita ni mwezi wa Maulidi, ambapo wageni humiminika kutoka pwani yote kuja Msikiti wa Riyadha. Ni shani kuuona mji wakati huo, lakini nyumba lazima uishike mapema sana.

Hatua ya 2: Jeshi libaki kambini

Hapa sitarefusha, ila usiruke hata kimoja. Baba apate ruhusa kwa maandishi na aache kikosini anwani ya mahali mnapolala. Sare isifungwe hata chini ya sanduku. Nguo za watoto zenye madoa ya kijeshi ziache nyumbani. Sheria ya Kenya hairuhusu raia kuvaa nguo za namna hiyo, na kaunti hii ina historia yake ya usalama. Msipige picha kambi, vizuizi vya barabarani, uwanja wa ndege wala bandari mpya. Ndege ndogo ya kupigia picha (droni) inahitaji kibali, kwa hiyo iache.

Picha za familia ziwekeni mtandaoni mkisharudi. Watoto wafundishe jibu moja la swali ambalo kila mtu mwema atawauliza: "Baba yenu hufanya kazi gani?" Jibu ni "Kazi ya serikali." Binti yangu wa kati, Neema, aliongeza kwa furaha, "Lakini hatuambiwi wapi!" Kwa hiyo fanyeni mazoezi.

Hatua ya 3: Ndege kama mfuko unaruhusu

Ndege kutoka Wilson, Nairobi, hukufikisha kwa muda wa saa moja na kitu. Uwanja wenyewe uko kisiwa cha Manda, si Lamu. Ukitoka unatembea kidogo hadi gatini, unavuka kwa boti.

Kwa barabara utapita Malindi, Garsen, Witu na Hindi hadi Mokowe, kisha boti. Kutoka Mombasa, hesabu siku nzima. Sehemu ya kati ya Garsen na Lamu imewahi kushambuliwa, na ndiyo maana mabasi husindikizwa. Uliza hali ya njia siku moja kabla, panda basi la asubuhi, usifikirie kujiendesha peke yako. Sisi tulipita huko mara moja. Watoto walilala njia nzima, mimi nikasinzia, na mume wangu hakufumba jicho tangu Garsen. Alikuwa akihesabu vichaka. Alishuka Mokowe amechoka kuliko alipotoka kazini. Kama mmoja wenu amewahi kufanya kazi upande huo, jinyimeni kitu kingine mlipe ndege.

Kwenye boti, dai majaketi ya kuelea ya saizi ya watoto kabla ya kupanda. La mtu mzima humtoka mtoto kichwani akianguka majini.

Hatua ya 4: Chagua nyumba, kisha pima ngazi zake

Mna uchaguzi wa mahali pawili. Shela iko karibu na ufuo, ni tulivu na ni ghali. Mji wenyewe wa Lamu una kelele za punda, watoto wa mtaa, maduka na majumba ya kale. Kwa watoto wa kuanzia miaka saba hivi mimi napenda mji, upande wa Mkomani. Huko mtalala kwenye nyumba ya mawe ya matumbawe yenye zidaka ukutani na boriti za mikoko darini, na somo la historia litaanza kabla hamjafungua begi.

Lakini nyumba hizo zilijengwa na watu wasioogopa ngazi. Ni nyembamba, zimesimama wima, na juu kabisa kuna paa la wazi lenye ukuta mfupi. Ukiwa na mtoto kama Baraka wangu wa miaka mitano, omba picha ya ngazi na ya paa kabla ya kulipa. Uliza pia kama kuna vyandarua kila kitanda na kama tangi la maji hujaa kila siku.

Waambie wote, na hasa baba, kwamba alfajiri adhana itatoka misikiti mingi kwa pamoja. Mtu aliyezoea kuamshwa na king'ora anahitaji kujua mapema sauti itakayomwamsha.

Hatua ya 5: Vitabu viache

Sanduku lile la kwanza halikufunguliwa mpaka siku ya nne, na lilifunguliwa kwa sababu Neema alitafuta soksi. Siku hizi kila mtoto hubeba daftari moja lisilo na mistari, penseli mbili, rula na kamba ya mita tano yenye fundo kila mita. Mimi hubeba tepu na mkasi. Basi.

Kitu kimoja ndicho cha lazima: jedwali la maji kujaa na kupwa. La Kilindini, bandari ya Mombasa, linatosha kwa kuanzia, mengine mtasahihisha kwa macho na kwa kumuuliza nahodha.

Hatua ya 6: Fuata maji

Hapa ndipo likizo yenyewe ilipo, kwa hiyo nivumilie.

Lamu karibu kila jambo la nje hutegemea maji. Njia ya kutembea kutoka mjini kwenda Shela, kilomita tatu hivi kando ya bahari, sehemu zake huliwa na maji yakijaa. Mkondo wa Takwa hupitika maji yakiwa mengi tu. Mchanga wa kukimbilia watoto hupatikana yakitoka. Ukipanga siku kwa saa ya ukutani, utagombana na bahari, na tayari nimekueleza nani alishinda.

Fanya hivi. Jioni ya kwanza keti ufukoni na watoto, mchomeke kijiti pale maji yanapoishia, na muandike saa. Kesho yake rudini muone maji yamefika hapo saa ngapi. Watagundua wenyewe kwamba kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi, na kwamba hujaa mara mbili kwa muda unaozidi kidogo siku moja. Sasa watazame mwezi. Ukiwa mwandamo au mpevu, ni bamvua: maji hujaa sana na kutoka sana. Ukiwa nusu, ni maji mafu, na tofauti huwa ndogo. Pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa kwenye saa nne. Ukishika hilo moja, mengine ni kuongeza dakika 50 kwa kila siku inayopita.

Mkubwa wangu, Amani, ana miaka kumi na moja. Alichora grafu ya siku saba bila kuambiwa. Neema alipewa kazi ya kugeuza dakika kuwa saa, na Baraka kazi ya kijiti. Hayo yalikuwa hesabu, sayansi na jiografia, na kila siku yalikwisha kabla ya chai ya saa nne.

Baada ya hapo siku hujipanga yenyewe. Maji yakitoka asubuhi, nendeni Shela kwa miguu. Yakijaa asubuhi, pandeni mashua. Mchana, jua likiwa kichwani, rudini nyumbani mlale. Hakuna anayezunguka Lamu saa saba ila mgeni.

Hatua ya 7: Mpe baba kazi, usimpe cheo

Nasema na wake wenzangu, na mwenye mke mwanajeshi ageuze maneno. Baba aliyekuwa mbali miezi minane hurudi akakuta shule ina mwalimu mkuu, ambaye ni wewe. Atajaribu kusaidia kwa njia anayoijua, yaani kukagua vitanda. Ukimwachia shule yote, watoto watamwogopa. Ukimnyima yote, atakaa pembeni na simu yake.

Kwetu, kazi yake ni mkate. Kila asubuhi humchukua mtoto mmoja, mmoja tu, waende Usita wa Mui, njia kuu ya mjini, kununua mahamri na mbaazi au mkate wa mofa. Mtoto ndiye anayesalimia, anayeagiza na anayehesabu chenji. Baba ni mlinzi wa kikapu. Mara nyingi hupotea vichochoroni, na hapo mtoto lazima aulize njia. Neema alirudi siku moja akinieleza kwa fahari kwamba bibi mmoja barazani alimwambia "ndia" badala ya njia na "ndoo" badala ya njoo. Wiki nzima alikuwa mtafsiri wetu wa Kiamu, Kiswahili cha Lamu.

Kazi yake ya pili ni kusimulia vita moja tu, ile ya Shela. Wapelekeni watoto kwenye vilima vya mchanga jioni, muwaoneshe ufuo. Mwanzoni mwa karne ya 19 majeshi ya Wamazrui wa Mombasa na washirika wao wa Pate yalishuka hapo kuiteka Lamu. Wakashindwa. Walipokimbilia majahazi yao waliyakuta yamekaa mchangani, maji yametoka, na wengi wakauawa pale pale ufukoni. Husimuliwa kwamba kwa miaka mingi baadaye upepo ulikuwa ukifukua mifupa. Lamu, ikihofia kisasi, ikamwomba ulinzi Sayyid Said wa Oman, na ngome iliyo katikati ya mji ikamalizika mwaka 1821.

Mume wangu alisimulia vizuri, akichora kwa kijiti. Alipofika kwenye majahazi yaliyokwama akaniangalia, nami nikamwangalia. Tungenyamaza wote wawili, ila Amani akauliza: "Kama sisi Takwa?"

Hatua ya 8: Madarasa yaliyo tayari

Msiende yote. Chagueni matatu au manne.

Ngome kwanza, kwa kuwa mmeshapata hadithi yake. Ilitumika kama gereza hadi mwaka 1984, na watoto watataka kujua wafungwa walilala wapi. Makumbusho ya Lamu, pale ufukoni, yana mifano ya vyombo vya bahari na siwa, yale mabaragumu ya sherehe za kale. Nenda pale kabla ya kupanda mashua, watoto wakapande wakiwa tayari wanajua tanga, foromali (mti unaobeba tanga) na usukani. Nahodha wetu wa safari ya pili aliposikia Neema akitaja foromali alimwita mbele na kumpa kamba ya demani, ile ya kuongozea tanga, aishike. Mimi alinipa kata ya kuchotea maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini ya chombo.

Nyumba ya posta ya Wajerumani ni ndogo na watu wengi huipita. Usiipite. Posta hiyo ilifunguliwa Novemba 1888 ikafungwa Machi 1891, na kwa mtoto wa mwanajeshi, habari za barua zinazosafiri miezi zina maana yake. Sisi tukitoka hapo kila mtoto huandika barua kwa baba ya kufunguliwa akiwa mbali. Baba haruhusiwi kuzisoma likizo hiyo.

Takwa, kisiwani Manda, ni mji uliohamwa karne ya 17, wenye msikiti mkubwa na kaburi la mnara, mibuyu imeuzunguka. Nendeni maji yakijaa, na nahodha akisema "twendeni", nyanyukeni. Njiani mwambie awataje mikoko: mkoko wenye mizizi ya miguu ya buibui, mchu wenye mizizi inayochomoza kama penseli, muia, mkandaa. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na boriti za chumba mnacholala zilitoka kwenye miti ya jamii hiyo.

Matondoni, upande wa pili wa kisiwa, bado wanaunda majahazi kwa mkono. Ombeni ruhusa, toeni shukrani kidogo kwa fundi, na watoto wasiguse patasi.

Kuna somo lingine la bure ambalo halina kibao. Maji ya kunywa ya Lamu hutegemea vile vilima vya Shela: mvua huzama mchangani, na maji matamu, kwa kuwa ni mepesi, huelea juu ya yale ya chumvi chini ya ardhi. Jaribuni nyumbani. Jazeni nusu glasi maji yaliyokolezwa chumvi, kisha mimineni polepole chai ya rangi iliyopoa kupitia mgongo wa kijiko. Chai itakaa juu. Sasa waulize watoto kwa nini watu wa Lamu hawapendi mtu ajenge juu ya vilima. Baraka alikoroga glasi kwa kidole, na hilo nalo likawa jibu.

Hatua ya 9: Adabu, ngozi na tumbo

Nguo za kuogelea ni za ufukoni. Mjini funikeni mabega na magoti, baba pia. Watoto wawasalimie wazee wanaokaa barazani. Shikamoo moja itawafungulia milango mingi. Punda aliyebeba mawe hana breki, mpisheni. Mkipenda, pitieni kliniki ya punda iliyoanzishwa mwaka 1987. Baraka alikaa pale muda mrefu kuliko kwenye makumbusho yote.

Bei ya mashua ipatane kabla ya kupanda: saa ngapi, wapi, chakula kimo au hakimo. M-Pesa hutumika, ila beba noti ndogo.

Ufuo wa Shela ni mrefu, kilomita kumi na kitu, na usitegemee kukuta mwokoaji. Karibu na mlango wa mkondo maji huvuta kwa nguvu yanapotoka. Watoto waogee pale wanapoogea watoto wa hapo, maji yasipite kiuno. Viatu vya plastiki viwe miguuni, na kofia na shati la mikono mirefu viwe mwilini hata kama wanalalamika. Mtoto akipata homa, msikae kungoja. Hospitali ya kaunti iko mjini, apimwe malaria siku hiyo hiyo.

Chakula hakina shida: samaki wa kupaka, wali wa nazi, viazi vya karai, juisi ya ukwaju. Pilipili ulizeni kwanza.

Hatua ya 10: Simu ikilia

Hili lizungumzeni kabla ya kutoka nyumbani, si gatini. Akiitwa kazini katikati ya likizo, nani anaondoka na nani anabaki? Sisi tuliamua yeye aondoke, sisi tumalize siku zetu. Kwa hiyo begi lake hukaa peke yake, halichanganywi na ya watoto, na fedha za kutosha hukaa kwenye simu yangu.

Safari ya mwisho simu ililia siku ya sita. Alivuka Manda saa tatu asubuhi. Watoto walilia hadi saa tano, kisha Amani akachukua daftari akaenda kwenye kijiti. Jioni akanipa simu nimtumie baba yake picha ya grafu, siku sita zimejaa na ya saba ameikisia. Jibu lilikuja usiku sana: hesabu ya Jumatano imekosewa kwa dakika ishirini.

Tulipoikagua, ilikuwa imekosewa kweli.